Jiwe la Nyuma ya Jiko Langu

Sikutaka wapangaji mie. Hilo lijulikane kwanza, maana watu wa Mjambere wana maneno, na wako wasemao kwamba mie Mahfoudha ndiye niliyekuwa wa kwanza kuwafungulia wanafunzi mlango. Uongo. Wa kwanza alikuwa yule muuza mbaazi wa barabarani, akafuata jirani yangu Kanze, na mie nilikuwa wa tatu au wa nne. Ulikuwa mwaka wa sitini, mume wangu Hadi ana miezi minane kaburini, na vyumba vyangu viwili vya mbele vimefungwa, vyanuka popo. Chuo cha ufundi kule kisiwani kilikuwa kimechukua wanafunzi wengi kuliko vitanda vyake, basi wakawa wanavuka daraja la Nyali makundi kwa makundi kutafuta pa kulala. Kwangu walikuja wawili: Kioko, Mkamba mwembamba asiyesema sana, na Wafula wa kutoka huko karibu na Uganda, ambaye yeye alisema kwa niaba ya wote wawili. Nikawapa chumba cha kulala na chumba cha kusomea.

Nikawapa na masharti. Uani kwangu hapapitwi na mwanamume. Ukitaka maji, piga hodi, ungoje. Nyama msiyoijua ilikochinjwa isiingie humu. Wakasema, "Ndiyo mama, ndiyo mama." Mtu anayeitikia kila kitu mie humtilia shaka papo hapo, na hawa waliitikia hata nisiyoyasema.

Kufika mwisho wa mwaka mtaa ulikuwa na wanafunzi zaidi ya kumi, na mtaa haukuwa ule tena. Kisima chetu, ambacho wanawake tulikuwa tukiteka alfajiri kwa raha zetu, kanga moja kiunoni na nyingine begani, sasa ukienda wakuta vijana wamepanga ndoo, wanapiga mswaki na kutema mapovu. Tukahamia saa kumi za jioni, na jua lile. Muuza mbaazi akaacha mbaazi, akawa apika mahindi na maharagwe kwa sababu ndicho walichotaka hao wa bara, na sisi tuliozaliwa hapa tukakosa kitu cha kulia mahamri. Barazani wakasoma magazeti kwa sauti, uhuru lini, mwambao utakuwa wa nani, hata wazee waliokuwa wakicheza bao wakaanza kujibizana wao kwa wao na bao likalala. Si kwamba yote yalikuwa mabaya. Kanze ni Mgiriama, msusi wa makuti, hajui herufi hata moja, na wapangaji wake walimsomea barua za mwanawe aliyeko Tanga bila kuomba kitu. Lakini hata yeye alikuwa akiniambia, "Shoga, mtu ajuaye siri za mwanao na weye humjui mamake, huyo si mgeni wa kuchezea."

Sasa sikiliza lililokuwa likitukondesha. Mombasa, asiyejua na ajue, nyumba yaweza kuwa yangu na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mwingine. Kuta hizi alizijenga Hadi kwa mikono yake, lakini Jamaludin, tajiri wa kisiwani, alikuwa akidai kwamba ardhi yote kutoka barabarani hadi kwenye hori la bahari aliachiwa na babake. Hadi mpaka anakufa alishikilia kwamba nyumba zetu kumi na tatu ziko juu ya wakfu wa msikiti, kwamba kuna bibi mmoja wa kale aliutoa uwanja huu kwa ajili ya Mungu, na kwamba ardhi ya Jamaludin yaishia kabla ya kutufikia sisi. Nani wa kuthibitisha? Karatasi ya wakfu ilisema mpaka wapita penye jiwe, na jiwe hakuna aliyeliona; waliolijua walikuwa wamekufa. Na habari zilikuwa zimeenea kwamba Jamaludin ataka kuuza kabla uhuru haujaja, kwa watu wa kujenga maghala. Ikawa kila tukimwona mtu ameshika kamba ya kupimia, wanawake twaingia ndani twalia.

Kumbe wapangaji wangu walikuwa wasomea upimaji wa ardhi.

Hawakuniambia. Nilikuja kujua siku ya Jumamosi, walipotoka na mnyororo mrefu, fimbo zilizopakwa rangi nyekundu na nyeupe, na darubini ya kusimama kwa miguu mitatu. Wakaanzia penye kisima, wakaja nyumba kwa nyumba. Wafula ashika fimbo, Kioko achungulia na kuandika kitabuni.

"Mnapima nini?" niliwauliza.

"Ni mazoezi tu, mama," Wafula akajibu. "Mwalimu ametuambia kila mmoja achague mtaa anaoujua, auchore."

"Na nani aliyewaambia mwaujua mtaa huu?"

Wafula akacheka. Kioko hakucheka, aliinama akaandika, na mie nikajiuliza ni mazoezi gani haya yasiyotaka kucheka.

Tangu siku ile nikawa kama mwenye ndui. Nikifika kisimani mazungumzo yanakatika. Muuza mbaazi, ambaye wapangaji wake walikuwa wasomea useremala, akawa mtakatifu, na mie niliyeweka wapimaji nikawa ndiye niliyemwingiza Jamaludin mtaani. Kanze peke yake ndiye aliyeniambia usoni.

"Shoga, wale wako wametumwa."

"Una ushahidi?"

"Lisemwalo lipo. Na kama halipo, laja."

Basi siku moja walipokwenda chuoni nikaingia chumbani mwao. Naam, niliingia, nyumba ni yangu. Juu ya meza nikakuta karatasi kubwa, na juu yake mtaa wetu mzima. Kisima, msikiti, kila mnazi umetiwa nukta. Nyumba yangu imo, imeandikwa saba. Jiko langu limo. Choo changu kimo, wallahi, na mlango wake wapi umeelekea. Katikati ya karatasi pamepitishwa mstari mwekundu wa nukta nukta, haujamalizika, umekomea karibu na jiko langu. Herufi za Kizungu nilizijua kidogo, Hadi alinifundisha. Upande mmoja wa ule mstari nikasoma jina: Jamaludin. Upande wa pili palikuwa na maneno ya Kiingereza ambayo sikuyaweza, na sikujishughulisha nayo. Nilichokitafuta nilikuwa nimekwisha kukipata. Nikakaa juu ya kitanda cha Kioko, nikamlilia Hadi pale pale.

Kwa nini sikuwafukuza siku hiyo hiyo? Kwa sababu niliogopa. Mtu aliyetumwa ukimfukuza yuaenda kusema kwa aliyemtuma. Nikaona heri wakae nikiwaona.

Alhamisi iliyofuata nilikuwa nimekwenda kumzuru mgonjwa, nikarudi alasiri. Nyuma ya jiko, upande wa nje wa ua, nikamkuta Kioko na jembe, udongo umemjaa hadi viwikoni, ameufukua mchanga kiasi cha mkono mmoja kwenda chini. Mle shimoni mlikuwa na jiwe. Jiwe la kuchongwa, la pembe nne, na katikati ya kichwa chake limepigiliwa msumari mnene wa chuma. Alikuwa amelizungushia duara la chokaa. Kando yake amesimamisha kijiti, na kwenye kijiti amefunga kitambaa chekundu.

"Mama," akaniambia, na kwa mara ya kwanza nikamwona ameng'aa uso, "tafadhali sana, jiwe hili lisiguswe na mtu yeyote. Jumatatu mwalimu wangu atakuja kuliona. Halafu nitakueleza yote."

"Nieleze sasa."

"Bado sijahakikisha. Sitaki kukupa tumaini la bure."

"Tumaini la nini?"

Akatikisa kichwa, akafuta jembe langu kwa majani, akalirudisha mahali pake. Ndivyo alivyokuwa yule kijana, jambo halisemi mpaka alipime mara mbili. Leo najua. Siku ile niliona ujanja mtupu.

Nikamwita Kanze. Alikuja na ukuti mkononi, akachungulia shimoni, na ukuti ukamdondoka.

"Fingo," akasema.

Hapa kwetu hakuna asiyejua fingo. Ni dawa izikwayo ardhini kuifunga nyumba au shamba, lisiwe na mwenyewe ila yule aliyeizika. Sisi tuliona chuma, tuliona chokaa, tuliona kitambaa chekundu, tungesema ni kitu gani kingine? Msumari katikati ya jiwe, nyuma ya jiko, mahali mwanamke awashapo moto wake. Kanze alinishika mkono.

"Wamekufungia nyumba, shoga. Na wewe ukifungwa, sote twafungwa. Ndiyo maana akakwambia lisiguswe."

Mume wangu aliadhini msikitini miaka thelathini. Mambo ya uganga hayakuingia kwetu hata kwa mzaha, na aya ya kwamba baadhi ya dhana ni dhambi alinisomea mara nyingi, maana alinijua. Yote hayo niliyakumbuka. Lakini alikuwa amekufa, na nyumba ndiyo niliyobaki nayo, na Kanze alijua la kufanya. Fingo haivunjwi wala haichomwi moto. Yang'olewa, yapelekwa maji ya chumvi, na mwenye kuipeleka hageuki nyuma.

Tukangoja Ijumaa, saa ya sala, wanaume wote wako msikitini na wanafunzi wako chuoni. Tulichimba kwa zamu. Lilikuwa zito kuliko tulivyodhani, lilikuwa limeshindiliwa na watu waliojua kazi yao, na ubavuni mwake mlichongwa tarakimu ambazo Kanze alinikataza nisizisome. Tulilitia katika karai, tukalifunika kanga, tukalibeba yeye huku na mie huku hadi kwenye hori, kule mikoko ilikokatika na maji yana kina. Tukalisukuma. Likalia mara moja tu, likaenda. Tulirudi na karai tupu bila kutazama nyuma, na kijiti na kitambaa chake nikavitia motoni, nikavipikia wali wa nazi. Nilikuwa mwepesi, nacheka peke yangu. Sahani mbili niliwawekea wapangaji wangu, kwa furaha ya kuwashinda.

Kioko alirudi mapema siku ile. Alipitia nyuma kwanza, kulitazama jiwe lake. Sikusikia kelele. Nilipotoka na sahani nilimkuta amekaa chini kando ya shimo, na suruali yake ya chuo, mikono magotini.

"Mama, jiwe liko wapi?"

"Jiwe gani?"

Akasema polepole, bila hasira, na heri angekuja na hasira. Alisema lile lilikuwa jiwe la mpaka, lilizikwa na wapimaji wa serikali zaidi ya miaka arobaini iliyopita. Alikuwa amelitafuta miezi miwili. Namba iliyochongwa ubavuni ndiyo ile ile aliyoikuta katika daftari la zamani la ofisi ya ardhi, jiwe la kutenganisha shamba la Jamaludin na wakfu wa msikiti.

"Nyumba kumi na tatu, mama. Zote ziko upande wa msikiti. Mzee wako alisema kweli."

Sahani niliiweka chini kabla haijaniponyoka.

"Na likirudishwa?" nikauliza, na niliuliza haraka mno.

"Jiwe likishang'olewa halisemi tena," alisema. "Kila mtu aweza kulisimamisha anapopenda. Nani atamwamini?"

Hapo ndipo ningesema. Nimepiga hesabu ya maisha yangu yote na ni hapo tu, kando ya lile shimo, mimi na yeye. Sikusema. Nilifikiria imamu akisikia kwamba mjane wa mwadhini abeba mafingo Ijumaa saa ya sala. Nilifikiria jela, maana jiwe la serikali si kitu cha kuchezea. Nikamwambia ale chakula kisipoe, nikaingia ndani.

Wafula akaliulizia jiwe nyumba kwa nyumba, basi mtaa ulijua kabla ya magharibi, lakini ulijua ulivyotaka. Jiwe la kutuokoa lilikuwapo, wanafunzi wakalifukua, na usiku mmoja baadaye halipo: basi wameliuza kwa Jamaludin. Nani aliyekuwa na haja ya ushahidi? Wapangaji wa Kanze walitolewa virago vyao nje. Wafula alitupiwa maji machafu barazani kwangu. Na Kanze na mie tukawa hatutazamani machoni.

Jamaludin naye alisikia, akaona wakati wake umefika. Wiki tatu baadaye tuliitwa barazani kwa mudiri, mtawala wa hapa kwetu, wote wa nyumba kumi na tatu. Alikuja ofisa wa ardhi, Mzungu, na mkalimani wake, na mabuku makubwa ya rejista. Jamaludin alikuja na kanzu yake safi, akatuamkia vizuri kama mtu mwenye adabu zake. Sisi wanawake tulikaa nyuma na mabuibui yetu. Nilijua kabisa ninachokingoja: nikitoka pale nina nyumba au sina.

Kioko akasimama na kitabu chake. Akasoma vipimo vyote, kutoka kisimani hatua ngapi, kutoka pembe ya msikiti hatua ngapi, na ile namba.

"Kijana huyu alala kwa bibi yule," Jamaludin akasema, sauti ya chini. "Ala chakula chake. Kitabu bila jiwe ni maneno matupu. Kama lilikuwapo, liko wapi? Aliling'oa nani?"

Ofisa akaona swali ni la haki. Mkalimani akatutafsiria: atakayebainika kuling'oa jiwe la mpaka atashtakiwa, lakini kama hakuna ajuaye lilivyoondoka, basi yeye hawezi kukubali kwamba lilikuwapo, na mpaka utafuata madai ya Jamaludin. Akauliza mara ya kwanza. Kiwiko cha Kanze kilikuwa ubavuni mwangu, na nilihisi pumzi zake zimesimama. Akauliza mara ya pili. Nilifungua mdomo. Naapa kwa Mungu niliufungua, na ulimi ukakataa.

"Nililing'oa mimi," Kioko akasema.

Akasema alilitoa ili aione namba ya ubavuni vizuri, jiwe likamvunjikia, akaogopa, akalitupa kwenye hori. Alisema bila kuinua macho kutoka kitabuni. Barazani paliwaka kelele. Ofisa akanyamazisha watu, akafungua rejista, akatafuta kwa kidole, akaikuta namba. Akamtazama Kioko, akamtazama Jamaludin, kisha akasema maneno ambayo mkalimani alituambia hivi: mtu hajishtaki kwa jiwe ambalo halikuwapo. Akaamuru mpaka upimwe upya kwa vipimo vya kile kitabu.

Nyumba zetu zikapona. Wanawake wakapiga vigelegele hadi barabarani, na mie nikapiga pamoja nao, maana asiyepiga angetazamwa. Kioko alibaki ndani na karani, akitia sahihi.

Chuo kilimfukuza wiki ile ile. Mpimaji aliyeng'oa jiwe la mpaka hapati tena kazi ya kupima, popote. Alifungwa miezi miwili, akarudi kwao Machakos bila kupitia kwangu. Aliyekuja kuchukua vitu vyake alikuwa Wafula. Alikunja godoro, akafunga vitabu kwa kamba, na yule msemaji wa siku zote hakusema neno mpaka alipofika mlangoni.

"Aliwaona," akasema. "Ile Ijumaa. Alikuwa anatoka darajani, akawaona wewe na mama Kanze mkitoka mikokoni na karai tupu. Hakuelewa mpaka alipoona shimo."

"Mbona hakunitaja?"

"Alisema wewe ni mtu mzima, jela utafia ndani. Na alisema nyumba ni kumi na tatu." Akalitia godoro begani. "Mimi ningekutaja, mama."

Mtaa haukubadili kauli. Wakasema kijana alihongwa na Jamaludin, kisha akaogopa sheria, akatapika. Wazee wakakubaliana msikitini kwamba Mjambere hapangishwi mwanafunzi tena. Muuza mbaazi akarudia mbaazi zake, sisi tukarudi kisimani alfajiri, na bao likaamka. Nami kila adhana ikilia najua niko ndani ya nyumba iliyolipiwa na mtu mwingine, na nalala usingizi ndani yake, hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Mwezi wa Desemba wa mwaka wa uhuru, watu wakipamba barabara kwa makuti ya Kanze, walikuja vijana wawili na masanduku ya bati. Walikuwa wa chuo kile kile. Walikuwa wamekataliwa nyumba tano, na mmoja kiatu kilikuwa kimemwachama. Kanze aliwajibu bila kuacha kusuka.

"Hapa hatuchukui wanafunzi. Kulikuwa na mwenzenu alitung'olea jiwe letu la mpaka. Sisi tulimlaza, tukamlisha, naye akatuuza."

Aliyasema hayo akinitazama mimi. Vyumba vyangu viwili vilikuwa nyuma yangu, vitupu, nimevifagia asubuhi. Yule wa kiatu kibovu akanigeukia, kijana wa adabu, akaniuliza kama jambo hilo lilikuwa kweli, kwa sababu wao chuoni walisikia vingine.

"Ni kweli, mwanangu," nikamwambia. Wakashukuru, wakainua masanduku yao.